Kurasa za Mitumba

Jumatatu, 1 Septemba 2003

Dukani kwa Baba tena, kama kila likizo. Nimepanga ndoo na mabeseni barazani mpaka kiuno kinauma. Tangu bidhaa za nje zianze kuingia kwa fujo, nusu ya mtaa wetu hapa Kariakoo ni plastiki. Masufuria tumeyasogeza ndani. Baba anamwambia kila mteja kwamba binti yake anavaa joho mwaka huu. Leo kamwambia hata mtu aliyeingia kuulizia choo. Nimeona haya. Nimefurahi pia.

Mchana simu ya duka imelia. Idarani chuoni wananitaka kesho. Hawakusema kwa nini.

Jumanne, 2 Septemba

Wananiita mwizi.

Msimamizi wangu ameweka mezani tasnifu yangu na ya mwanafunzi wa mwaka jana. Kurasa mbili za sura ya pili ni zilezile, neno kwa neno. Nimezisoma nimesimama. Zinahusu mitumba ya soko la Mchikichini. Kazi yangu inahusu maduka ya vyombo! Mwizi gani anaiba mitumba akaichomeka katikati ya masufuria? Msimamizi hakucheka. Kamati inakaa Jumanne ijayo na naweza kufukuzwa chuo.

Nikauliza kanuni zinasemaje. Kanipeleka kwenye ubao wa matangazo. Karatasi moja, sentensi moja: kanuni za uaminifu katika kazi za masomo zinapatikana kwenye tovuti ya chuo. Basi. Sijui imebandikwa lini. Nilikuwa napita pale kutafuta matokeo, si kusoma karatasi za pembeni.

Baba sijamwambia.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda kwa Mama Side, mtaa wa nyuma, anayetuchapia kazi zetu. Nusu ya darasa hupeleka kwake. Tunaandika kwa mkono, yeye anachapa.

Leo ndiyo nimejua anavyofanya. Hafungui ukurasa mpya kwenye kompyuta. Anachukua kazi ya mwanafunzi aliyetangulia, ambayo pambizo na vichwa vya habari vimeshakaa sawa, anachapa mpya juu yake na kufuta ya zamani kadiri anavyosonga. Kwangu kasahau kufuta kurasa mbili. Kaziona kwenye kioo, kashika kichwa. "Mwanangu, nimekuua." Nilikwenda kumtukana. Nimeshindwa, kaanza kulia kabla yangu.

Na mimi je? Nilisaini, nikapeleka kwa fundi wa majalada, sikufunua hata ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeichoka ile kazi, sitaki hata kuiona.

Alhamisi, 4 Septemba

Kafe ya intaneti, Mchafukoge. Nimelipia saa nzima.

Ukurasa wa mbele wa chuo unajitokeza kwa kujivuta. Kwanza paa la jengo, kisha madirisha, kisha mkuu wa chuo anatabasamu. Nimebonyeza Kanuni. Nyeupe. Nimebonyeza tena. Yakaja maneno ya Kiingereza, kwamba ukurasa bado unatengenezwa. Nimemlalamikia mwenye kafe kuhusu mashine yake. "Dada, mashine nzima hiyo," kasema. "Wenyewe ndio hawajaweka kitu."

Nitahukumiwa kwa maneno ambayo hayajawekwa popote.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemwambia Baba. Hakufoka. Bora angefoka. Kauliza tu, "Uliiba?" Nikasema hapana. Karudi kwenye mabeseni yake.

Siku nzima hakumtajia mteja yeyote habari ya joho. Nimejichukia.

Jumanne, 9 Septemba

Kamati. Wao wote upande mmoja wa meza, mimi peke yangu upande wa pili.

Mama Side kaja mwenyewe, hakuna aliyemwita. Kagonga mlango, kaamkia shikamooni, hata kwa wale aliowazidi umri. Kaeleza kila kitu, mpaka jinsi anavyofuta. Mwenyekiti kamsikiliza vizuri, kisha kamwambia kazi ni ya aliyeisaini. Mama wa watu katoka kinyumenyume.

Nikaulizwa kama nilisoma kanuni. Nikasema hazifunguki. Wakatazamana. Mwenyekiti akageuza kompyuta yake ili tuione sote, akabonyeza. Tukasubiri. Nyeupe. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Mjumbe mmoja akasema labda mtandao leo una matatizo. Msimamizi wangu akainamisha kichwa, akakiri kwamba hata yeye hajawahi kuzisoma, anajua tu kwamba zipo.

Nikajua nimepona. Kumbe bado. "Ubao ulikuambia zipo," mwenyekiti akasema. "Kutofunguka ni suala jingine."

Uamuzi nitauona wapi? Kwenye tovuti. Hasira imenipanda mpaka nimecheka mbele yao. Wamenikazia macho. Sasa nimejiharibia kabisa.

Ijumaa, 12 Septemba

Nyeupe. Nimekwenda kafe mara mbili.

Jumatatu, 15 Septemba

Baba amefunga duka mchana. Kwa kawaida hulifunga Ijumaa tu, kwa ajili ya swala. Tumekwenda kafe pamoja. Kiingereza hajui, na hajawahi kukaa mbele ya kompyuta.

Ukurasa umefunguka mara moja. Sifukuzwi. Niandike upya sura ya pili, niwasilishe mwakani. Joho mwaka huu halipo. Nimemwambia hivyohivyo, bila kupamba.

Kasogeza kiti karibu na kioo. "Jina lako liko wapi?" Majina hawaweki. Nimemwonyesha kwa kidole namba yangu ya usajili. Kaitazama sana.

"Huyu ndiye wewe?"

Nikasema ndiye. Kavua miwani, kaifuta kwa pindo la kanzu, kaivaa tena. Kisha kaisoma ile namba polepole, tarakimu moja moja, kwa sauti ya chini, mpaka mwisho. Tumerudi kufungua duka.