Kivinjari Kipya na Jina la Nyanya Musonda

Katuba, Lubumbashi
Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025

Mpendwa Yaya Sephora, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kutoka nyumbani, ambako mvua imetutishia mara tatu wiki hii bila kunyesha. U hali gani? Ule mgongo uliokuuma kwa sababu ya zamu za wodini umepoa? Je, Shangazi Mwelwa anameza dawa zake za presha kila siku, au bado anangoja mpaka kichwa kimuume? Sisi ni wazima. Baba anakohoa asubuhi lakini hataki kuitwa mgonjwa. Mimi mwili hauna shida. Moyo ndio hautulii, na sababu utaiona hapa chini.

Barua hii nimeianza mara nne. Simu ingekuwa rahisi, ila najua huko kwa Shangazi simu huwekwa sauti ili wote wasikie, na jambo hili nataka ulisome ukiwa peke yako. Barua nampa Chishimba, yule dereva anayekuja kupakia samaki wakavu huko kwenu Pweto. Ameahidi kuitia mkononi mwako wewe mwenyewe.

Nianze na la kukutuliza. Faili lako la kuomba nafasi katika shule ya wakunga huko Dakar liliondoka jana, likiwa kamili, na ujumbe wa kulipokea umerudi. Lakini Mama anajua, Yaya. Amejua kila kitu, na kosa ni langu.

Unajua kazi yangu katika kile kibanda cha Guelor karibu na soko: kupiga chapa barua za watu, kutoa fotokopi, kuwajazia fomu za mtandaoni. Kompyuta yake moja ilikuwa na kivinjari cha tangu kibanda kifunguliwe, yaani ile programu ya kufungulia mtandao ambayo hapa sote tunaiita navigateur. Hakikuwahi kufanywa upya hata mara moja. Guelor alikataza mtu kukigusa kwa sababu kilikuwa kimetunza maneno ya siri ya nusu ya mtaa. Walimu, wanafunzi, hata katekista, wote walikaa pale wakaniambia niingize mwenyewe, kisha wakaenda zao. Ukibonyeza herufi moja tu, kinakumalizia jina la mtu na kukufungulia mambo yake.

Mwezi wa nane mwanafunzi mmoja alikaa kutafuta matokeo yake, na barua za mwalimu wake zikafunguka mbele yake bila yeye kuomba. Alicheka. Mimi sikucheka. Nilifikiria kwamba wewe nawe umo humo ndani, pamoja na Dakar yako ambayo mimi peke yangu nilikuwa naijua. Tangu siku hiyo sikuweza kukaa kwenye kiti kile bila kugeuka nyuma.

Nikaanza kutafuta kivinjari kingine. Nilisoma wiki mbili nzima, jioni kwa jioni, nikilinganisha na kuandika daftarini, mpaka Guelor akaanza kunichokoza mbele ya wateja.

"Abigaïl, unachagua navigateur ao unachagua bwana?"

Nilimjibu kwamba bwana angalau hamwambii kila mteja nilichoandika jana. Akasema basi mabwana bado siwajui. Watu wote wa foleni ya fotokopi walicheka, na mimi pia, kidogo.

Nilichokuwa nataka hakikuwa kikubwa. Kijifanye upya chenyewe, kisingoje mtu akumbuke. Kinionye kabla sijaingia kwenye ukurasa usioaminika. Kiwe na dirisha la faragha, ambalo mteja akiinuka nalifunga na kila alichofanya kinasahauliwa. Na nikichukue kwa wenyewe waliokitengeneza, siyo kwenye flashi ya rafiki wa Guelor, ambayo imeshapita kompyuta zote za Katuba na kubeba uchafu wa kila moja. Mwishoni nilikipata. Cha zamani nilikifuta chote, na Guelor alininunia siku mbili.

Ukurasa wa shule ya Dakar, ambao zamani uligoma kabisa, ulifunguka mara moja. Nilifurahi mno. Kilipouliza kama kitunze neno lako la siri nilibonyeza hapana, kila siku hapana, na kila nikimaliza nilifunga dirisha. Niliamini nimekujengea nyumba ya matofali.

Lakini kumbuka lile neno lenyewe, Yaya. Siku tulipofungua barua-pepe yako uliniambia niweke kitu ambacho hatutasahau, nikaweka Musonda, na baadaye nikaliweka hilohilo kwenye ukurasa wa shule. Ndivyo tunavyofanya sote hapa: kila mtu anaweka jina la majina yake, yaani yule mkubwa wa ukoo ambaye yeye amerithi jina lake. Mimi nina Mwape, Baba naye ana la babu aliyefanya kazi relini. Nilihangaikia kila tundu la ukuta, na ufunguo nilikuwa nimeutundika mlangoni.

Jumamosi Mama alikuja kibandani na orodha ya akina mama wa kwaya, ipigwe chapa kwa ajili ya jubilei ya parokia. Nilikuwa kwenye faili lako. Nilikaa muda mrefu bila kugusa kitu, ukurasa ukanitoa wenyewe, ukabakiza anwani yako na kisanduku kitupu cha kuandikia neno la siri. Wakati huohuo mashine ya fotokopi ikala karatasi za mteja nje, nikakimbia. Mama akakaa kwenye kiti changu kuningoja.

Unakumbuka kwamba alifundishwa na masista kupiga chapa kwa mashine kabla hajaolewa. Vidole vyake havijasahau.

Niliporudi alikuwa anasoma, bila miwani, uso karibu uguse kioo. Ilikuwa ile barua uliyowaandikia ya kueleza kwa nini unataka kwenda. Alikuwa amefika pale uliposema kwamba tangu kaka yetu Sylvain aende Johannesburg akanyamaza, huthubutu kumtamkia mama yako neno safari.

Nilimuuliza ameingiaje, kama mjinga. Alinijibu polepole, macho bado kwenye kioo.

"Musonda ni jina ya mama yangu. Mi ndiye nilimupatia Sephora. Ulizani mulango ingenikatalia?"

Jumapili alienda misani, akarudi, akasonga bukari na hakuila. Jumatatu alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mimi nilitembea kutoka kitandani hadi dirishani, nikahesabu siku. Unajua faili lilikuwa limepungukiwa na diploma yako, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa hii. Uliniambia utatafuta njia. Njia haikuwapo: diploma imelala kwenye sanduku la Mama chini ya kitanda, pamoja na kadi zetu za ubatizo, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuiomba bila kusema ni ya nini.

Katika kutembea huko niliona kitu ndani yangu ambacho sikipendi, na nakuandikia ili kisibaki humo. Mara nyingi nilikuwa naingia kwenye barua zako bila kazi yoyote. Nilisoma majibu yao, nikayasoma tena, kana kwamba Dakar ilikuwa inaniita mimi. Nilipenda kuwa mtu pekee anayejua. Nilijiita mlinzi wako, na kumbe nilikuwa naketi tu ndani ya nyumba yako. Unisamehe.

Jana, Jumanne, Mama aliingia kibandani amevaa kitenge cha Jumapili. Mkononi alikuwa na kitambaa chake cheupe cha kichwa, na ndani ya kitambaa vipande viwili vya katoni, na katikati ya katoni diploma yako. Hakukubali Guelor aishike. Aliiweka kwenye mashine ya kunakilia kwenye kompyuta kwa mikono yake miwili, akasimama hapo mpaka mwanga ulipopita. Guelor anayemtania kila mtu alivua kofia na kutoka nje.

Nilituma. Ujumbe wa kupokelewa ulipotokea Mama aliusoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Sasa ubadilishe ile mot de passe," akasema, yaani lile neno la siri. "Weka ingine, ile mi sitajua."

Kisha akageuza kiti, akanipa mgongo, akaangalia barabara, mikono juu ya magoti. Niliandika neno, nikalifuta, nikaandika jingine. Nje watu walipita wakimsalimu, naye aliitika bila kugeuka.

"Ulishamaliza?"

Nilimwambia nimemaliza. Ndipo alipogeuka, akafunga diploma kwenye kitambaa, akaniuliza orodha ya kwaya iko wapi. Nilikuwa nimekosea majina mawili.

Sijui kama hiyo ni baraka, Yaya. Hajasema nenda, wala hajasema baki. Jana jioni tu, tukichambua matembele, aliuliza kama Dakar ina baridi. Baba akasema iko karibu na bahari, na baharini hatujawahi kuishi. Nakuomba umpigie simu mwenyewe, saa ambayo Shangazi yuko sokoni. Usinitume mimi. Nimekwisha kusimama kati yenu vya kutosha.

Nisalimie sana Shangazi Mwelwa, na mtoto wake Nono, umwambie kitabu chake nakitafuta bado. Baba anakusalimu. Mama hakunituma salamu, lakini ameniona naandika na hakuuliza ni kwa nani, na bahasha hii ni yeye aliyeiweka mezani.

Limebaki jambo moja. Neno jipya la siri siliandiki lote humu, maana Chishimba ni mwema ila bahasha ni karatasi tu. Nusu yake iko kwenye kile kikaratasi nilichokikunja ndani, nusu nyingine nitakutajia kwa simu Shangazi akiwa sokoni. Si jina la mtu yeyote wa kwetu. Ukishaingia, kaa mahali ambapo hakuna anayekuangalia, ulibadilishe siku hiyohiyo. Weka lile ambalo hata mimi sitalijua.

Mungu akutangulie kila mlango utakaoufungua, na akurudishe kwa huu wa kwetu.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Abigaïl Mwape