Koti la Babu Limekwenda Kwenye Usaili

Jumapili. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na haujatuachia. Hata shamba la viazi hapo chini silioni.

Shule sikwenda, mnajua. Nasema, simu inaandika. Aliyenifundisha kuisemesha ni mjukuu wangu Zuhura, na Zuhura ameondoka leo. Basi nasema na simu.

Tumeishi wawili tangu babu yake afariki. Kwenye matanga alifanya utani wa mjukuu: akavaa koti na mabuti ya babu, akapita katikati ya wafiwa akilalamika kwamba chai ya msiba wake mwenyewe haina sukari. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Siku ile ndipo alipojua anataka kuigiza. Sasa chuo cha sanaa huko pwani kimemwita kwenye usaili kesho, na ameamua kuwaonyesha babu huyohuyo.

Wakimchukua, atakaa huko miaka.

Jana jioni alinikalisha jikoni nimtazame. Akaingia ameinama kama amebeba gogo kutoka msitu wa Shume, akakohoa kikohozi kirefu mpaka kuku wakatoka mbio. Kibovu. Kibovu kabisa.

Nami nikataka kumpigia makofi.

Nilijua akienda na kikohozi kile watamrudisha, nami nitapata mtu wa kula naye. Mikono ilikuwa imeshainuka.

Nikairudisha mapajani.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "huyo nani? Mume wangu hakuwa kichekesho."

"Lakini bibi, kwenye matanga ulicheka!"

"Pale sote tulimjua. Hao wa chuo hawamjui. Babu yako hakuingia humu kuchekesha watu. Aliingia ana baridi, anataka chai. Alikohoa kidogo tu, nijue ni yeye. Hebu toka nje, kaa mpaka baridi ikushike."

Akakaa kweli. Nikaanza kumenya viazi, nikamsahau.

Mara, kikohozi kidogo mlangoni. Buti likagongwa kwenye jiwe kutoa tope.

"Mwenye nyumba, kuna chai?"

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

"Abee," nikaitika, na mkono umeshashika birika.

Tukatazamana. Zuhura akaanza kulia ndani ya lile koti. Mimi nikamimina chai, maana nilikuwa nimeshaitwa. Nikamwambia hapo ndipo penyewe, asithubutu kuongeza kitu. Na huko asiwachungulie kuona kama wanamtazama.

Asubuhi kapanda basi la Mombo, koti limekunjwa kwenye mfuko. Mchana nimepika chakula cha watu wawili, mjinga mimi. Redio nimeifungua nikaizima. Naona inasema na watu wengine.

Vijana mnaotaka kuigiza, msikilizeni bibi. Tafuteni mtu anayempenda huyo mnayemwiga, mkasimame mbele yake. Kioo kitawasifu tu. Na huyo mtu akianza kuwapigia makofi upesi, mwulizeni anaogopa nini.

Kesho wakimkataa, atarudi, nitamkumbatia na kuwatukana wote waliomkataa. Wakimchukua, nitakaa hapa jikoni nilie peke yangu.

Ee Mungu, nipe kulia.