Gauni Jeupe Kando ya Barabara Kuu

Jumanne, usiku

Gauni la kipaimara la binti wa Mama Elieza nimelifua mara ya pili leo, na hata halijavaliwa! Malori yanasimama mbele ya kibanda changu cha ushonaji, injini zinaunguruma, madereva wanakula chipsi, moshi wote unaingia kwangu.

Mama Elieza alikunja uso. "Fundi, hili umelishonea jikoni?" Nikamwomba arudi kesho. Siku nzima imeishia kwenye beseni, kazi za wengine zimelala.

Nikifunga mlango, wateja wanadhani sipo. Nikiuacha wazi, Neema wangu anakohoa. Anashinda hapo chini ya meza ya kukatia tangu ananyonya. Daktari amerudia leo asubuhi, kabla sijafungua kibanda: mtoe mtoto barabarani. Mama yangu naye kila akipiga simu ni hilohilo: "Mpandishe huku Mbaga, hewa ya mlimani itamponya." Mtoto wa miaka mitatu, nimwache huko, mimi huku Same...

Gauni nimekuja nalo nyumbani, lisishike moshi tena. Nguo ya watu nimeihamisha kwa siku moja; mwanangu nimemwacha kwenye moshi huohuo miaka mitatu.

Jumamosi nampandisha Neema.