Bomba Liliishia Getini

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mwanao je, ameota jino au bado anakutafuna kwa ufizi? Mimi nadunda tu.

Nasikia mtaa wenu unachimbwa, mabomba ya kale yanatolewa. Hongera! Kaka yako nimezika mabomba miji minne. Wahandisi wakikwama wananiita Profesa, na shule niliikimbia darasa la sita. Basi msikilize Profesa: wakimaliza tu, fungua koki unywe. Maziwa ya unga ya mtoto koroga kwa maji hayohayo. Ukiwa na shaka, chemsha. Hakuna uchafu unaoushinda moto.

Simu yako iliyozama kwenye ndoo ilale pema. Barua anakuletea dereva wa lori la saruji.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Salamu zimefika. Mimi mzima, mtoto hivi hivi.

Mafundi wamemaliza. Bomba jipya limeishia getini. Kuanzia hapo wameliunga na letu la zamani, lile la kijivu, eti la ndani ni juu ya mwenye nyumba. Maji yalitoka na vumbi jeusi, sasa ni meupe. Jirani anayaogopa. Nikamwambia, "Wewe, kaka yangu ni Profesa!"

Ila mtoto hataki chupa, na kucheka ameacha. Nachemsha kama ulivyosema, mpaka maji yanabaki nusu sufuria.

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Mwaga hayo maji!

Nilimsomea msimamizi wetu barua yako ili tucheke. Hakucheka. Akauliza, "Hilo la kijivu, ukilikwaruza kwa kisu, linang'aa kama fedha?" Kama linang'aa, ni risasi, madini yenye sumu. Miaka yote lilijijengea utando kwa ndani. Wakilikata na kulitikisa, utando unabanduka, sumu inaingia majini. Na moto hauiui! Maji yanapungua, sumu inabaki palepale. Nimekufanya umpikie mtoto sumu.

Huku kwetu tunabadilisha bomba zima mpaka jikoni. Habari ya nusunusu sikuijua, mdomo ukatangulia.

Likwaruze. Chota maji kwingine. Mpeleke mtoto hospitali apimwe damu. Nijibu hata neno moja.

Kaka yako

4 Aprili

Mdogo wangu,

Dereva amerudi mikono mitupu. Anasema alibisha mpaka jirani akatoka, jirani naye hajui mmekwenda wapi. Barua kaisukuma chini ya mlango.

Hapa shimoni wananitania, "Profesa leo kameza ulimi?" Nachimba tu. Nikifumba macho naona ile sufuria inatokota.

Mko wapi?

Kaka

11 Aprili

Kaka,

Tulikuwa hospitali. Mtoto alianza kutapika kabla barua yako haijafika, nikambeba nikakimbia. Niliporudi kuchukua nguo niliikuta mlangoni. Nikalikwaruza bomba. Limeng'aa.

Nimewaeleza madaktari, wamemtoa damu. Sindano iliingia na hakulia, Kaka. Yule aliyekuwa akilia akivuliwa kofia! Majibu bado, wametuambia tuyasubiri nyumbani.

Maji nachota mtaa wa pili. Jirani ni mjamzito. Nilipomweleza alikaa chini palepale uani. Yeye alikuwa ameanza kunywa, kwa sababu yako na yangu.

Sikutukani. Najua ungekuwa hapa, glasi ya kwanza ungekunywa wewe. Lakini maneno yako yamenitosha. Nimeanza kulichimbua bomba la kijivu toka getini kwa jembe, na mgongoni nimembeba mtoto.

Usiijibu barua hii. Panda lori lililoileta.

Mdogo wako