Mutoto wa Chuma ku Mugongo

Siku ya mbili, tarehe 10 mwezi wa sita

Nilifika wapi jana? Eeh, ku ile muzee wa Gisenyi, ngambo ya mupaka. Usingizi njo ilinikata. Basi, ile muzee alikuwaka mupiga foto, sasa macho imechoka, amefunga studio, iko nauzisha bintu byote. Mama moja wa nyanya, tunauzishaka pamoja ku soko, njo aliniletea habari. Ile muzee iko na aparei ya foto, ya pelikile, ule mukanda wa filamu. Ya zamani, ya chuma, sawa ile ya Papa Masika bwana yangu.

Ile ya bwana yangu iko chini ya mawe ya volkano. Pale pale batu bamejenga farmasi. Tukipita pale anageuza uso. Tangu ile siku anapigaka foto za pasipoti na kale kaaparei ka plastiki ka kuona picha ku kioo. Anapiga, hasemi kitu. Kazi bila raha.

Na mimi bibi ya mupiga foto sina foto hata moja yenye alinipiga. Zote ziliungua. Siku ya Mungu tunatimiza miaka makumi tatu ya ndoa. Nataka anipige na aparei ya kweli. Nitainunua, nitaificha mpaka kisha misa. Sekre. Hakuna mutu atajua.

Nimeambia Mama Furaha wa jirani tu. Na dada yake, juu alikuwa pale.

Siku ya tatu, tarehe 11

Nimevuka barieri ya mupaka asubui. Sambaza zangu, samaki zile ndogo za ziwa, nimeachia mama wa nyanya, atauzisha.

Muzee muzuri. Chai, mukate, story. Hapo nilijipenda! Alifikiri mimi sijue kitu. Nikamwambia muzee, fungua mugongo wa aparei tuone. Nikaangalia kapazia ka ndani kama kamepasuka. Hapana. Nikaangalia kioo ya mbele kama kuvu imeota ndani. Kidogo sana, ku pembeni. Kisha nikaweka sikio. Papa Masika alinifundisha tulipokuwa bachumba: aparei mugonjwa unaisikia, hauioni. Ukiiweka ku mwendo ya polepole, ukifinya, lazima ikohoe saa yake yote, kraaa, chak. Kama inakwama katikati, acha. Nikasikiliza mara kumi. Kraaa, chak. Muzuri kuliko kwaya.

Muzee akaniuliza, mama, wewe ni fundi? Nikasema hapana, mimi ni wa sambaza.

Tumepatana bei. Alilomba siku mbili aisafishe. Nafikiri alitaka kuiaga.

Siku ya ine, tarehe 12

Leo mubaya. Mama Furaha amekuya na habari ya dwane, bale ba kulipisha kodi ku barieri. Mupiga foto moja wa harusi, aparei yake walishika ku barieri, wakaandika sawa vile ni mupya ya maprofesyoneli, ikakaa depo miezi mbili. Mutu alipiga harusi tatu na telefone ya shemeji. Bibi-harusi moja ametoka bila kichwa.

Miezi mbili! Siku ya Mungu ni kesho kutwa kisha moja.

Sikula vizuri. Nimeangalia Papa Masika akikula. Ana furaha bure bure, anapiga miluzi. Sijue anafurahia nini. Na batu ba Katindo, mutaa yetu ya hapa Goma, wote wananichekea leo, hata mama wa mandazi. Uso wangu iko na nini?

Nimepata mayele, ujanja kidogo. Bamama kule barieri wanapitishaka bintu ku mugongo. Mutoto hana takse.

Siku ya tano, tarehe 13

Nimechoka. Nimecheka. Nimelia. Wacha niandike vizuri.

Nilifunga aparei ku mugongo na kitambaa, nikaiweka kofia ya mujukuu wangu. Muzee wa Gisenyi alicheka mpaka akakaa chini. Nikaingia ku mulongo wa kuvuka. Mimi, miaka makumi tano na mbili.

Kama ningenyamaza, ningepita. Kweli kabisa. Lakini bamama wakasema pisheni mwenye mutoto, moja akauliza ni wa ngapi? Kinywa changu kikasema wa saba. Alizaliwa wapi? Keshero. Kilo ngapi? Tatu na nusu, na ananyonya sawa mwizi! Moja akaanza kuimba. Wakanipigia vigelegele. Mulongo muzima unashukuru Mungu juu yangu, na mimi naitika.

Chef wa dwane ni mwanamuke. Akatoka mu biro kuona kelele.

— Mama, ku miaka yako! Hongera sana. Lete tuone mutoto.

— Amelala, chef.

— Nitamugusa tu.

Akagusa, kidole ikaangukia ku kitufe. Muzee alikuwa ameivuta tayari, ilibaki kufinya tu, mimi sikujua. Mutoto akasema chak.

Chef akarudisha mukono.

— Mama, mutoto wako anasema chak?

Batu walicheka mpaka Gisenyi wakasikia. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini? Lakini chef njo aliacha kucheka wa kwanza. Akatoa kofia, akaweka aparei ku meza. Akaniambia, mama, kama ungesema tangu mwanzo, ningeandika okazyo, kitu ya kutumika tayari, ungelipa kidogo, ungerudi nyumbani. Sasa umeficha. Fakitire, karatasi ya kununua, iko wapi? Hakuna. Muzee hana fakitire, aliinunua wakati mimi niko navaa jupe ya shule. Chef akatafuta ku telefone bei ya maaparei. Zile alionyesha zinaweza kununua nyumba yangu na choo yake.

Amesema hivi: kesho mpaka saa sita nilete mutu wa kazi hii, aonyeshe ni ya zamani. Bila ile, inaenda depo kubwa.

Mutu wa kazi hii. Ninajua moja tu. Nalala naye ku kitanda moja.

Sekre yangu imekufa. Nilichunga siku ine, ni rekodi.

Siku ya posho, tarehe 14

Nilimwambia asubui, ku chai. Yote, hata kofia. Nilingoja anikaripie. Akasimama, akaenda kuvaa koti ya ndoa. Haifungi tena ku tumbo. Akasema twende.

Ku biro ya dwane aliishika na mikono mbili. Sikumuona na ile mikono tangu volkano. Akanusa. Akazungusha kila kitu, polepole, sawa mutu anasalimia ndugu. Kraaa, chak. Akaniangalia. Nikaangalia chini sawa musichana.

Chef akauliza, muzee, kioo ya kuona picha iko wapi?

— Haina, chef. Unapiga, unangoja.

— Na kama foto ni mubaya?

— Unangoja bure.

Chef alipenda ile. Papa Masika akafungua mugongo, akamuonyesha hakuna karte ya kuchunga picha ndani, hakuna hata waya. Kisha akaingiza mukono mu mufuko wa koti, akatoa pelikile. Mupya, mu kikopo chake. Akamuonyesha chef vile inaingia.

Chef aliandika okazyo, ya zamani sana. Nililipa takse, na kafaini ka mutoto wa uongo. Alinipa karatasi na muhuri, akasema nimupeleke ku batizo.

Lakini mimi macho ilibaki ku ile pelikile. Hizi siku, ku Goma, pelikile haipatikane tu mu mufuko ya mutu sawa bonbon. Tulipofika inje nikamukamata koti.

— Ile umeitoa wapi?

— Keshero. Iko fundi mwenzangu anazichungaka mu frigo, karibu ya samaki.

— Lini?

— Siku ya tatu.

Siku ya tatu! Akanieleza yote: Mama Furaha alimwambia siku ya mbili magaribi, mbele sambaza zangu ziive. Na dada yake aliambia mama wa mandazi. Katindo nzima ilijua. Na hakuna mutu alinisemea kitu, wote walifunga kinywa juu mimi nifurahi. Nilifikiri niko nachunga sekre. Kumbe batu njo walikuwa wananichungia.

Nimekasirika dakika moja. Kisha hapana.

Siku ya Mungu, tarehe 15

Misa imeisha. Padiri alituita mbele, batu walipiga mikono. Aparei ilikuwa ku shingo ya Papa Masika tangu asubui. Batu walimulomba foto, hata padiri. Akasema ngojeni, ya kwanza iko na mwenyewe.

Sasa tuko nyumbani, bwana yangu iko mu kiwanja. Ameweka kiti karibu ya ukuta wa mawe meusi. Ananyoosha mukono, anaangalia kivuli ku kiganja chake, anasogeza kiti. Anasogeza tena. Hapigi miluzi leo.

Nimevaa kikwembe cha ndoa. Niko mu chumba, naandika juu naogopa. Pelikile haifutike. Amesema nifunge kinywa wakati ya chak. Nimejaribu mbele ya kioo. Sijue ule mama anayenyamaza ni nani. Ni muzuri kidogo, lakini sijue ni

— Mama Masika! Kuya! Jua iko nakimbia!

Naenda.