Kalisti, mama mkwe na Windows mpya

Justina, weka kikombe chini kwanza, utapaliwa!

Kalisti, yule anayeturekodi kwaya, kabadilisha Windows kwenye kompyuta yake. Kompyuta ikakikataa kile kisanduku chake cha zamani cha kuunganishia maikrofoni, yeye hana habari. Sisi tunaimba, kompyuta inasikiliza kwa kimaiki chake chenyewe, puani pa Kalisti!

Akafungulia rekodi, kwaya nzima inasikiliza. Sauti yake: "Mama mkwe akipandisha sauti, ng'ombe wa jirani Kabula wanaitika."

Wanaitika, Justina! Na mama mkwe wake, Agnesi, mwimbaji mwenzetu, kasimama palepale. Jumapili hii Kalisti alikuwa aende kwake kumwomba mkewe, aliyekimbilia kwa mama yake, arudi nyumbani.

Maskini, akapiga magoti kuomba radhi.

Agnesi akamwinua taratibu. "Inuka, baba. Jumapili uje umchukue. Hata mkeo huniambia hivyohivyo nikiimba."