Mlango wa Karibu na Jiko

Mjukuu wangu Akinyi,

Natumai baridi ya Eldoret haikuonei. Sisi hapa Homa Bay tu wazima, na ng'ombe wa baba yako Otieno amezaa. Ila nyumba imekuwa kimya tangu tumzike nyanya yako.

Umeniuliza mbona makabati ya jikoni kwake hayajapakwa rangi mpya, na mimi ndiye fundi wa rangi.

Tulipooana niliyapaka upesi, bila kuyaosha. Mvua zilipoanza, rangi ikabanduka vidoleni mwake kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alicheka hadi akaketi chini.

"Fundi wa mji mzima! Umepaka rangi mafuta ya samaki?"

"Ni unyevu wa ziwa," nikajitetea.

"Ziwa limekukosea nini? Lete sabuni."

Tuliosha pamoja, nikapiga msasa, tukangoja jua, nikapaka upya. Rangi ile ikashika miaka mingi.

Juzi nimeosha milango yote ya makabati isipokuwa mmoja, ule wa karibu na jiko. Pale alipozoea kuusukuma pana alama nyeusi ya vidole vyake. Nilikuwa nikimgombeza, "Mama Otieno, si nimekuwekea kishikio?" Sasa natamani angalishika kila mlango.

Najua rangi haitashika juu ya alama hiyo. Nimeiendea na sabuni, nikarudi kuketi.

Ukipata likizo, njoo tuuoshe sisi wawili. Kitambaa utashika wewe.

Ni mimi babu yako, ninayekungoja.